Mkono wa Baba

Kwetu baraka ni ya watu wawili. Mzazi anakuwekea mkono kichwani na kuisema, wewe unajibu, "Nimepokea." Usipojibu, inabaki inakungoja, na mzazi hairudii ng'o. Baba alirithi hayo kwa baba yake, pamoja na randa na misumeno.

Siku kaka alipoondoka kwenda kuendesha malori, walikuwa wamegombana tangu asubuhi, maana baba alitaka amwachie karakana. Hata hivyo alifuta gundi mikononi, akamwekea mkono kichwani.

"Nenda salama. Mikono yako isikose kazi. Mlango utakaobisha, ufunguliwe."

Kaka akanyanyua begi, akatoka kimya. Baba alibaki kasimama katikati ya maranda, mkono uko juu vilevile. Mimi nililia kwa hasira.

Miaka ikapita. Kila mambo yalipomwendea kombo, kaka alipiga simu kuomba baraka. Baba alimjibu, "Nilishaisema," kisha akauliza habari za matairi. Wote wawili vichwa vigumu kama mninga. Sijui mimi nilitokea wapi katikati yao.

Kisha baba akapigwa na kiharusi, ulimi ukafa ganzi. Kaka alifika hospitali mchana, vumbi la safari likiwa bado usoni, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, nibariki. Neno moja tu."

Mdomo wa baba ulipinda, ikatoka sauti isiyo neno. Kaka akaficha uso kwenye shuka.

"Nimechelewa, mdogo wangu. Ndiyo basi tena. Nitaishi bila baraka ya baba."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nikatamani kumzaba kofi. Baba alikuwa ameinua mkono wake mzima, wa kushoto. Ulibaki hewani. Nilishawahi kuuona hivyo, siku ile karakanani.

"Kaka, injini zimekuziba masikio? Baraka yako alishaisema. Anangoja wewe tu. Mjibu!"

Kaka akainua uso, akautazama ule mkono. Akasogeza kichwa chini yake.

"Nimepokea, baba. Nimepokea."

Mkono ukashuka taratibu, ukatua kichwani kwake. Baba akafumba macho.

Muuguzi alipokuja kumgeuza mgonjwa, nilimzuia mlangoni, nikamwomba asubiri kidogo.