Injinia Afunga Gadi

Mume wa Mama Mapacha alikuwa na jina ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Mkewe na shemeji yake walimwita Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa ukarani wa bima na uhandisi wake aliuokota hewani tu. Mbele yake aliitwa Baba Mapacha, kwa heshima zote. Akigeuka tu, anarambwa kisogo.

Siku hiyo Injinia alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya gari-nyumba, kichwa ndani ya kabati, kitambi nje, tochi mdomoni. Gari lenyewe lilikuwa halisafiri tena. Liliegeshwa nyuma ya nyumba, na ndani yake aliishi mama mkwe wake, maana mapafu yalikuwa yamemchoka na ngazi za nyumba zilikuwa zimemshinda. Alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Mashine ya kwanza iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na bibi wa watu nusura awatoke; lawama zote zikatupiwa umeme. Hii ya pili waliazimwa na hospitali, wakaambiwa waziwazi kwamba ikiungua hakuna nyingine.

Ndiyo maana ikanunuliwa gadi ya umeme. Si ile ndogo ya kuchomeka ukutani kama ya friji. Hii inafungwa kabisa kwenye waya mkuu unaoingiza umeme garini kutoka soketi ya nje, iliyo ukutani mwa nyumba: unaukata waya, ncha moja unaifunga upande wa kuingilia, nyingine upande wa kutokea, na kuanzia hapo gadi inaupima umeme kabla haujapita. Ikiuona mbaya, inaufungia mlango.

"Tungemwita fundi," mkewe alisema asubuhi, ilimradi tu aonekane amesema.

"Fundi wa nini? Nitajie kazi yangu moja iliyowahi kuharibika."

Mama Mapacha aliangalia pembeni asije akaangua kicheko. Pampu ya maji, kengele ya mlango, pasi, taa za uani, vyote hivyo Injinia alivigusa, na vyote vilitengenezwa upya na fundi umeme aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma wakati mwenye nyumba yuko ofisini. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nyumba ile. Injinia anaharibu, mkewe anamsifu, fundi anakuja na kuondoka, Injinia anarudi jioni anakuta kitu kinafanya kazi, kichwa kinazidi kumvimba. Kisha dada mtu anapigiwa simu na kusimuliwa, wanacheka mpaka mbavu zinauma. Mwanamke huyu alikuwa amemvika mumewe kilemba cha ukoka, na kila alipokitazama alikiona kinampendeza.

Injinia akatoka kabatini kwa kujivuta, shati limelowa, vumbi kwenye nyusi. Alikuwa amekaza skrubu zote na kufunga tepu hata pasipohitaji tepu. Akawasha swichi kuu kwa kidole kimoja, kama mtu anayezindua daraja.

Gadi ikawaka taa nyekundu. Kwenye kioo chake kidogo yakatokea maneno: KOSA KWENYE SOKETI. Umeme haukupita.

"Bovu," akasema Injinia. "Vitu vya siku hizi hivi. Eti soketi ya nje ina kosa. Soketi niliyoifunga mimi kwa mikono yangu."

"Basi tena," mkewe akasema, akishikilia uso usicheke.

"Hainisumbui. Nitauunganisha waya moja kwa moja, umeme uipite pembeni. Gadi ibaki hapo ukutani kama pambo."

Mama Mapacha akamwacha. Ajitape weee, fundi atakuja kesho. Akatoa simu mfukoni, akaandika ujumbe, na jibu likarudi palepale: fundi amesafiri, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Akaangalia nje. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti uani, mpira wa hewa puani, akipumulia mtungi mdogo wa akiba. Mshale wa mtungi ulikuwa umeshaingia kwenye wekundu.

Ndani, Injinia alikuwa amekwisha kuunganisha waya na sasa ameshika plagi ya mashine.

"Usichomeke," mkewe akasema.

"Kwa nini?"

"Soketi ya nje ni mbovu. Kazi yako ni mbovu, Baba Mapacha. Pampu aliitengeneza fundi. Pasi, fundi. Kengele, fundi alikuja mara mbili."

Alikuwa amengoja miaka kuyasema maneno hayo na alidhani yangekuwa matamu. Mumewe hakufoka. Aliketi kwenye kitanda cha mkwewe, plagi mapajani, akawa ghafla mtu mnene aliyechoka.

"Na soketi ya nje?" akauliza.

"Hiyo fundi hajaigusa bado."

"Kwa hiyo ile mashine ya kwanza..."

Alisimama, akazima swichi, akaurudisha waya kwenye gadi kama ulivyokuwa. Kisha akauliza, bila kumtazama mkewe, "Ya jikoni nani aliifunga?"

"Fundi."

Akaenda kuvuta waya mrefu kutoka jikoni, akaupitisha dirishani hadi garini, akachomeka humo waya mkuu badala ya kwenye soketi ya nje, akawasha swichi. Safari hii taa ya gadi ikawa kijani. Mashine ikaanza kunguruma taratibu, na wawili hao wakamshika bibi huku na huku, wakampandisha, wakamkalisha kitandani.

Kumbe alikuwa amesikia yote. Gari-nyumba lina kuta za bati.

"Ulijua tangu lini kwamba soketi ile ni kazi yake?" akamuuliza binti yake.

"Tangu alipoifunga, mama."

Bibi akavuta pumzi, akaingoja ifike.

"Yeye hakujua kwamba kazi yake ni mbovu. Wewe ulijua, na ukanichomeka hapo."

Mama Mapacha akauchukua mpira wa mashine, akanyoosha mkono kumvisha mama yake puani. Mama yake akausogeza mkono ule pembeni.

"Acha," akasema. "Atanivisha mkwe wangu."