Kaburi Nje ya Ua

Delphia Gayheart alikuwa na miaka sabini na mmoja, na katika umri wote huo hakuwahi kuogopa nyoka, mafuriko wala mchungaji. Asubuhi ile, lakini, alikaa ndani ya gari lake mbele ya mahakama ya kaunti nusu saa nzima akiogopa kufungua mlango. Barua ilikuwa kwenye mkoba. Alikuwa ameisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Kampuni ya makaa ya mawe iliandika kwamba mlima ulio nyuma ya nyumba ya Delphia ni mali ya kampuni, na kwamba majira ya kuchipua yakifika itaukata kilele. Kaburi lolote lisilolindwa na hati litafukuliwa na kuhamishiwa mjini. Familia yenye pingamizi ilete karatasi ndani ya siku thelathini. Zilikuwa zimebaki sita. Na juu ya mlima ule ndipo alipolala Rondal, mwanawe wa pekee.

Mlima wa Estill, marehemu mumewe! Mlima aliorithi kwa baba yake, akaupenda mpaka akafa. Uongo mtupu, Delphia alijiambia. Lakini kama ni uongo, mbona bado amekaa garini?

Akaingia.

Nyuma ya kaunta alikuwapo Tressie Napier, naibu karani, ambaye mama yake aliimba kwaya moja na Delphia miaka ishirini.

"Shangazi Delphia! Umekuja kulipia namba ya gari, au umekuja kunisuta kwamba sionekani kanisani?"

"Ya kanisa yana siku yake. Nataka kujua kama Estill aliuza mlima."

Tressie akacheka. "Mjomba Estill? Si ndiye aliyekataa kumuuza hata yule mbwa wake kipofu?"

"Basi nionyeshe kwamba hakuuza."

Kicheko kikamkauka Tressie. Akamfungulia kijilango cha kaunta, wakaingia chumba cha madaftari. Kulikuwa na mtu tayari: Whitlow, kijana wa kampuni, aliyeshinda humo kila siku akipekua hati za watu. Alikuwa na viatu vya mlimani ambavyo havijawahi kuonja tope. Akainuka nusu, akamwamkia Delphia kwa adabu zote, akarudi kwenye kazi yake. Delphia aliiogopa ile adabu kuliko kama angemtukana.

"Unaanza na daftari la wauzaji," Tressie akamweleza. "Limepangwa kwa majina na miaka. Ukiona jina lake, lina namba ya kitabu na ukurasa. Usipoliona, nenda nyumbani ukale."

Estill alirithi mwaka 1971, wakaanzia hapo. Delphia akatoa mkobani karatasi ya ratiba ya ibada ya Jumapili, akaiweka chini ya mstari wa kwanza ili macho yasipotee, akawa anaishusha mstari mmoja mmoja. Kulikuwa na Gayheart wengi, na wote wauzaji wa kitu. Mwaka sabini na moja haukuwa na Estill. Sabini na mbili, hayupo. Kila mwaka ulioisha salama alishusha pumzi, akaanza uliofuata. Alifika themanini. Alifika themanini na tatu. Alijua Whitlow ameacha kufunua kurasa zake.

Mwaka 1984, mwezi Agosti. *Gayheart, Estill, na mkewe.*

Na mkewe! Jina lake mwenyewe halikuwapo. Alikuwa mkia tu wa jina la mumewe.

Kitabu chenyewe kilikuwa rafu ya chini kabisa, na mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini magoti ya Delphia yalishakataa kuinama. Tressie ndiye aliyepiga magoti akakivuta, akakibwaga mezani. Ukurasa mia tatu na arobaini. Mlima mzima, mawe, miti na kilicho chini yake, umeuzwa kwa kampuni iliyotangulia hii ya sasa. Chini kulikuwa na sahihi mbili. Ile ya pili ilikuwa na herufi kubwa ya kwanza yenye mkia uliopindwa, kama Mwalimu Hattie alivyowafundisha darasa la tatu.

Delphia aliutambua mwandiko wake.

Akaikumbuka siku yenyewe. Alikuwa jikoni akichemsha maharage kwenye chupa za kuhifadhia, jasho likimtiririka, akaja mtu wa kushuhudia sahihi, mwenye muhuri. Estill akasema ni karatasi ya kuruhusu bomba la gesi kupita. Delphia akajifuta mikono kwenye aproni, akatia sahihi. Hata miwani hakuvaa. Mgodi alikofanya kazi Estill ulikuwa umefungwa mwaka ule, naye alitaka wahamie Ohio akatafute kazi ya kiwandani. Delphia ndiye aliyekataa. Alimwambia ni heri ale majani na ng'ombe kuliko kuishi Ohio. Pesa za kukaa zilipopatikana hakuuliza zimetoka wapi.

"Mzee mwongo," alinong'ona. "Mzee mwongo wewe, Estill."

"Ngoja, shangazi. Kuna kitu hapa." Kidole cha Tressie kilikuwa chini ya ukurasa. "Isipokuwa. Sikiliza: isipokuwa makaburi ya familia, kama yalivyozungushiwa ua leo. Hayo hakuyauza! Yabaki milele. Umeona? Mjomba hakuwa mjinga."

Tressie alitarajia kuona furaha. Aliona uso wa mwanamke umegeuka majivu.

"Kama yalivyozungushiwa leo," Delphia akarudia. "Leo ya mwaka themanini na nne."

Rondal alikufa mwaka 1991, Oktoba, gari lilipomshinda darajani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Estill na kaka zake walikuwa wamekwisha kumchimbia ndani ya ua, kando ya bibi yake. Delphia akakataa. Alitaka mtoto alazwe nje ya ua, chini ya mtufaha, mahali anapoweza kumwona kutoka dirisha la jikoni anapoosha vyombo. Estill alibishana naye mpaka usiku, yeye ambaye kwa kawaida hakubishia jambo. "Mwache ndani, Delphia. Nakuomba." Hakusema kwa nini. Delphia akamwita mtu mwenye moyo wa jiwe. Asubuhi wakafukia shimo la kwanza, wakachimba la pili.

Sasa alijua kwa nini. Alikuwa amemtoa mwanawe ndani ya ua kwa kinywa chake mwenyewe.

"Nimemzika kwenye ardhi ya watu," alisema. Tressie akamsogezea kiti.

Whitlow alikuwa amesimama. "Samahani sana, mama. Hicho ndicho tulichokiona na sisi. Watamhamisha kwa heshima, nakuhakikishia."

"Na daftari la wanunuzi uliliangalia?" Tressie akamuuliza.

"La nini? Yeye ndiye muuzaji. Na kampuni ya zamani ilituambia haijawahi kuachia hata inchi moja."

"Waliwaambia! Aliyekufundisha kazi hii alikuwa na haraka ya kwenda kula. Hati inatafutwa pande zote mbili, kaka."

Akalileta daftari la wanunuzi. Delphia akaweka kiganja juu ya jalada, akalibana.

"Acha, mwanangu. Nimeona ya kutosha. Sijui kingine alichoficha, na sitaki kukijua."

"Zimebaki siku sita, shangazi."

Delphia akaondoa kiganja, Tressie akafunua. Ratiba ya ibada ikashuka tena, mstari mmoja mmoja, safari hii mkononi mwa Tressie.

Mwaka 1991, Novemba. *Gayheart, Estill.* Peke yake, bila mke.

Tressie akakimbilia kitabu, akasoma kwa sauti. Kampuni ya zamani inamuuzia Estill Gayheart kipande cha futi kumi na mbili kwa futi kumi na mbili, chini ya mtufaha, pamoja na njia ya miguu kutoka getini, milele. Malipo ni gari moja la mizigo, jekundu. Tarehe ilikuwa siku ya tisa baada ya mazishi. Chini kulikuwa na sahihi ya mtu wa kampuni tu. Anayeuza hutia sahihi. Anayenunua hatakiwi kutia, wala mkewe haitwi.

Whitlow aliisoma hati mara mbili, akavua kofia, akatoka nje na simu yake bila kuaga.

Tressie alichapa nakala, akaigandamiza muhuri wa kaunti. "Hii hawaigusi. Wakitaka wachimbe mpaka kuzimu pande zote, pale watapaacha. Shangazi, mbona unalia? Umeshinda!"

Delphia alikuwa ameishika nakala kwa mikono miwili. Novemba ile Estill alirudi nyumbani kwa miguu, akasema gari lake jekundu limekufa na ameliuza kama chuma chakavu. Miaka miwili akaenda kazini kwa miguu.

"Maili nne," Delphia alisema. "Mpaka kiwanda cha mbao. Kwenye theluji."

"Nani, shangazi?"

"Kila asubuhi. Na kila asubuhi nilisimama mlangoni nikamwambia ni mpumbavu, ameshindwa kutunza hata gari."