Mitama Minne Katika Ngazi ya Saba

Kwetu, katika milima ya Ibb, mwenye ardhi hawezi kumwondoa mshirika wake, yule anayemlimia kwa kugawana mavuno, ila siku ambayo shamba ni tupu. Likibaki jani moja limesimama, mshirika naye anabaki. Sheria hiyo haikuandikwa popote, ndiyo maana wakubwa hawajapata pa kuifuta.

Naji bin Ghalib, tuliyemwita Haji, alikuwa na ngazi kumi na moja za mashamba mlimani, kila moja imezuiwa kwa ukuta wa mawe. Kumi alizipanda mtama mweupe mtupu, mbegu ya gunia ya kununua, tangu mwaka ule mabwana shamba walipokuja kutuambia kwamba kuchanganya mbegu ni uchafu. Nilikuwepo. Nakumbuka hata viatu vyao. Ngazi ya saba aliilima mjane Taqia, mama wa Hizam, nusu kwa nusu. Yeye alimwaga mitama minne pamoja: mwekundu wa haraka, mweupe, wa njano, na ule mrefu unaochelewa, kunde katikati.

"Mama Hizam, hilo ni shamba au kichwa cha mwendawazimu?" Naji alimtania akipita.

"Kichwa chenye nywele, Haji. Chako kipara."

Ikapita miaka sita. Kwa Taqia mizizi mifupi ilishika udongo wa juu, mirefu ikatoboa tabaka gumu la chini, na kila mmoja ulipokufa kwa wakati wake uliacha njia ya maji. Udongo ukawa chembechembe kama dengu. Wa Naji ulifanya gamba kila mvua ilipokatika.

Mwezi wa nane mvua ilipiga alasiri nzima. Kwa Naji maji yalikosa pa kuingia, yakabomoa kuta tatu, yakaondoka na udongo. Ngazi ya saba iliyanywa. Kesho yake Taqia alitia bonge la udongo wake na bonge la Naji katika mabakuli mawili ya maji, watu wakitazama. La Naji liliyeyuka kabla mtu hajamaliza bismillahi. La kwake lilikaa.

Hapo alikosea. Mwenye ardhi haonyeshwi uzuri wa ardhi yake.

Mitama mitatu ilipokwisha kuvunwa, Naji alikuja na Muqbil, mwamuzi wa kijiji.

"Naitaka ngazi yangu. Mjane apumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?" alisema Taqia.

Muqbil alitazama mtama mrefu. "Bado mbichi huo, Haji. Subiri ukatwe."

"Wiki tatu si mwaka. Halafu utahama, mama."

Alfajiri Taqia aliingia katikati ya mabua na mfuko wa shayiri na dengu. Kwa Naji usingepanda kitu bila kuleta ng'ombe na jembe, na ng'ombe hawapiti shambani mpaka mabua yaondoke. Yeye alipanda kwa vidole. Udongo ulifunguka kama mkate wa moto.

Siku ya kukata, Naji alifika mapema. Mtama ulipokwisha kukatwa wote, kumbe chini yake shayiri ilikuwa imefika kifundo cha mguu.

"Hila hii! Muqbil, unaona hila?"

"Naona majani," alisema Muqbil.

"Na akivuna hii?"

"Nitakuwa nimepanda nyingine," alisema Taqia. "Nyanyua mguu, Haji, unanikanyagia dengu."