Leso Tatu Mbichi kwenye Antena

Kwa miezi minane niliita hewani kutoka Mambrui na hapana aliyenijibu. Jumatano mke wangu, Shekha, uvumilivu ukamwisha. Alisimama mlangoni pa chumba changu cha redio, mikono kiunoni, akatoa hukumu.

"Baba Ubaid, Jumamosi ikiadhiniwa alasiri na hujajibiwa na binadamu, ule waya ni wangu. Nishachoka kuanika nguo juu ya banda la kuku."

"Ule si waya, ni antena."

"Nguo hazijui tofauti."

Nilikasirika, sikatai. Mimi nimekuwa fundi wa simu za mezani miaka thelathini na mmoja. Sifundishwi mambo ya waya. Antena yangu ina urefu wa mita ishirini, kutoka kwenye tangi la maji hadi mpapai. Urefu usipokaa sawasawa, nguvu za redio hazipai, hurudi nyumbani kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Kompyuta ndiyo inayopima. Huiendesha redio yenyewe, ikapanda masafa hatua kwa hatua, kisha ikachora mstari kwenye kioo. Ikisoma moja ni heri, nguvu zote zinapaa. Ikipita tatu, redio hukataa kusema ili isijiunguze. Nilipoipima usiku ule, yangu ilisoma tatu na nusu; kumbe miezi yote minane nilikuwa nasema na ukuta.

Alhamisi nikaanza kazi. Pima, panda ngazi, rekebisha ncha, shuka, pima tena. Sijafika mbali, Shekha akatoka na beseni. Alikuwa amefua leso tatu mpya, kanga za kuvaa kwenye harusi ya Sahla, binti wa dadake, kutoa wanga, na akazitundika palepale kwenye antena.

"Hazitakuharibia mambo yako?" aliuliza. Haki ya Mungu, aliuliza.

Nikamcheka. "Mama Ubaid, hiyo ni pamba. Pamba haipitishi umeme. Anika upendavyo."

Nikaendelea kupima na kukata, kupima na kukata. Saa kumi na moja jioni mstari ulishuka hadi moja na nukta moja. Nusura nilie kwa furaha. Kabla sijaita mtu, umeme ukapotea mji mzima, na haukurudi mpaka Jumamosi saa tisa mchana.

Uliporudi nilikuwa nimeshakaa kitini. Nikapima. Nne!

Nilimtukana aliyetengeneza kompyuta. Nikaitukana kebo. Nikawatukana kunguru, maana nao hawana jema. Kisha nikatazama dirishani nikaiona antena iko uchi, haina hata soksi, na ghadhabu yote ikaniisha nikabaki na fedheha. Leso zilizolowa zilikuwa zimeifanya antena iwe kama ndefu kupita ilivyo, nami nikaikata kuzifuata. Sasa zimeondoka, waya umekuwa mfupi, na waya uliokatwa haurefuki. Adhana ilibakiza dakika ishirini.

Leso zenyewe zilikuwa kitandani, zimepigwa pasi ya makaa, zimefukizwa udi tangu asubuhi, zimekunjwa. Shekha alikuwa bafuni akijitayarisha kwenda harusini.

Utaniuliza kwa nini sikuchukua mashuka. Mashuka sikuyapima. Fundi habahatishi, hurudia kilichofanya kazi. Nikazitumbukiza leso zote tatu kwenye ndoo ya maji ya kisima, nikakimbia uani nikazianika, nikarudi nikapima. Moja na nukta mbili. Nikashika kipaza sauti nikaita.

"Hapa ni Musyoka, Kitui," redio ikasema. "Nakusikia vizuri sana, mzee. Unatumia antena gani?"

Machozi yalinitoka. Miezi minane! Lakini kabla sijajibu, nilisikia yowe la Shekha uani.

"Nimejibiwa!" nikapaza sauti dirishani. "Na adhana bado! Waya ni wangu!"

Shekha akaufuata waya. Aliishusha leso ya kwanza, akaiminya, akaiweka begani. Nikapima: mbili. Akaishusha ya pili. Mbili na nukta tisa. Akaishika pindo ile ya tatu, akanitazama.

"Mzee? Uko hapo?" akauliza Musyoka.

"Mama Ubaid, nakuomba. Hiyo ikishuka redio inanyamaza."

"Sema umekosa."

Tumeoana miaka thelathini na minne. Nimewahi kusema "haya basi". Nimesema "yaishe". Siku moja, nikiwa na homa, nilisema "pole". Neno hilo analolitaka lilikuwa halijapata kutoka mdomoni mwangu.

"Nimekosa," nikanong'ona.

"Mwambie na huyo wa Kitui."

Nikabonyeza kitufe. "Musyoka, antena yangu ni waya wa mita ishirini kasoro kidogo, na leso tatu za mke wangu za harusi, nilizozilowesha bila ruhusa yake. Pamba nayo ina mambo yake, nilidhani najua. Nimekosa."

Redio ikakoroma kidogo.

"Sawa, mzee, hapo kwa leso nimekupata," akasema Musyoka. "Lakini sauti imefifia sana, hilo neno la mwisho sijalishika. Tafadhali rudia."

Shekha alisikia kila kitu pale dirishani. Akaichukua leso ya kwanza begani akaianika upya, akaifuatisha ya pili, akazinyoosha mikunjo moja moja kwa utulivu, kisha akaniashiria kwa kidevu nitazame kompyuta. Moja na nukta mbili.

"Haya," akasema. "Sasa atakusikia."

Nikarudia.