Gambuti za Mhusika wa Leylo

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, katika shule moja ya sekondari msingi nje kidogo ya mji wa Maua, Mwalimu Kananu aliandika ubaoni maneno manne: mhusika, mandhari, mgogoro, suluhisho. Chaki ilikuwa imebaki kijipande cha ukubwa wa njugu. Aliwaambia wanafunzi wa Gredi ya Nane kwamba mhusika asiye na kitu cha kumtambulisha ni kivuli tu, kisha akawapa insha. Kananu alikuwa mwalimu wa bodi, aliyeajiriwa na bodi ya shule wala si serikali, na mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa ya wiki hiyo.

Leylo, binti wa mfanyabiashara Mahad na mlinda lango wa timu ya wasichana, aliandika ukurasa mmoja. Mhusika wake alikuwa "mtu mmoja". Hakumpa jina wala uso. Alimpa gambuti nyeusi, buti ndefu za mpira, ya kushoto imekatwa tundu ili kidole gumba kilichovimba kipate pa kutokea. Mandhari yalikuwa uwanja wa shule, likizo ya Agosti. Mtu huyo aling'oa nguzo za ua, akazisogeza hatua sita ndani ya uwanja, akapanda miche ya miraa pale palipokuwa na goli. Kengele ililia kabla Leylo hajaandika suluhisho.

Jumanne mtu huyo alikuwa ameketi kwenye dawati la nyuma, nguzo ya ua pajani. Kwa kuwa hakupewa uso, mahali pa uso palikuwa laini kama ukuta uliopigwa lipu. Kiranja aliongeza jina kwenye rejista: Mtu Mmoja, yupo. Mwalimu Kananu alifurahi kupata kifaa cha kufundishia bila kuomba hela kwa mtu. Alimsimamisha mbele, akauliza darasa mtu huyu anataka nini. Mikono yote ikainuka. Akauliza nani anamzuia, na mikono ikabaki chini.

Walijua. Huku, mche wa miraa ukishashika mizizi haung'olewi. Anayeng'oa ndiye anayeitwa mbele ya wazee, wala si aliyepanda, hata kama alipanda jikoni kwako.

Kufikia Jumatano wazazi walikuwa wanapita darasani kwa visingizio. Mmoja alileta sweta ambayo mtoto wake alikuwa tayari ameivaa. Walichungulia kidole kile, kisha wakachungulia miguu ya wenzao. Sokoni watu walitazama chini kwanza, ndipo wakasalimiana. Wanaume waliozoea gambuti msimu wa mvua walionekana na viatu vya ngozi katikati ya matope. Wengine walimgeukia Leylo, wakasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ingawa babu yake alizaliwa Maua na kuzikwa Maua.

Alhamisi alikuja Gikunda, mwenyekiti wa bodi, ambaye shamba lake linapakana na uwanja. Alikuwa na viatu vipya na alichechemea. Alimtazama mtu wa dawati la nyuma kwa muda mrefu.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni mhusika, Mwenyekiti. Ametoka kwa insha ya Leylo."

"Ametoka kwa insha, ama kuna mtu amemtuma?"

Kananu alisema hilo halijui.

"Mimi sina shida na hadithi," Gikunda akasema. "Lakini hizo gambuti zitolewe. Na mambo iishe vizuri. Kesho nitakuwa na ile karatasi yako."

Ijumaa asubuhi Kananu alimwita Leylo pamoja na daftari lake. Alimwambia aondoe gambuti.

"Madam, si wewe ulisema mhusika lazima awe na kitu cha kumtambulisha?"

"Nilisema."

"Sasa nimekosea wapi?"

"Hujakosea," Kananu akasema, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alichukua kalamu nyekundu, akazikata gambuti mwenyewe. Chini ya ukurasa akaandika suluhisho: Wote wakapatana. Saa sita mchana Gikunda alitia sahihi mkataba wa mwaka mmoja, kwa kalamu ileile.

Jumatatu mtu huyo alikuja miguu mitupu. Aliacha nyayo za matope kutoka langoni hadi dawati la nyuma, na kila wayo wa kushoto ulikuwa na kidole gumba kilichovimba. Wanafunzi wa zamu walipiga deki mara tatu. Nyayo zilirudi kila sakafu ilipokauka, basi wakazoea kuziruka. Gikunda naye, kwa kuwa jambo lilikuwa limesuluhishwa kwa maandishi, alirudia gambuti zake zenye tundu na akaacha kuchechemea. Miche ilikuwa imetoa majani mapya. Timu ya wasichana ilichezea goli moja.

Somo la siku hiyo lilikuwa msimulizi. Kananu alilirudisha daftari la Leylo, akauliza darasa: hadithi hii inasimuliwa na nani?

Leylo alisoma ukurasa wake mpaka chini, taratibu.

"Mwanzo ni mimi, Madam. Mwisho ni wewe."

Kananu aligeukia ubao. Aliandika neno msimulizi, akalipigia mstari, na kijipande cha chaki kikaisha. Kwenye dawati la nyuma, Mtu Mmoja alihamishia nguzo ya ua kwenye paja la pili.