Mwito wa Lindsay Tregear

Warrigundi ni mji wenye kondoo wengi kuliko watu, na nzi wengi kuliko hao kondoo. Mto hauna, mlima hauna. Una Lindsay Tregear. Jina lake limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ubao wa uwanja wa kriketi: mechi thelathini na nne za kuichezea Australia, safari tatu za Uingereza kwa meli, mara saba kufikisha mbio mia. Mgeni akishuka kwenye treni, kabla hajauliza choo kiko wapi, ameshasimuliwa habari za Lindsay.

Lindsay mwenyewe, kila apitapo chini ya ubao ule, huangalia viatu vyake.

Kilichomwinamisha kilikuwa na jina: Alf Gadsby, fundi wa mashine za kunyolea kondoo, rafiki yake tangu utotoni walipokuwa wakirushiana mpira nyuma ya tangi la maji. Alf naye aliichezea Australia. Mara moja tu, na mbio zake zilikuwa tatu.

Ilikuwa kiangazi cha kwanza baada ya vita, Waingereza wamekuja. Alf alikuwa akipiga, Lindsay amesimama upande wa pili, kwenye vijiti vilivyosimikwa upande wa mrushaji. Na kriketi ina adabu yake: mpira ukienda mbele ya mpigaji, yeye ndiye anayeita mwenzake wabadilishane pande ili wapate mbio moja. Ukienda nyuma ya mgongo wake, mwito ni wa yule wa upande wa pili, maana ndiye anayeuona. Mpigaji hageuki kutazama. Anakimbia kwa macho ya mwenzake.

Alf aliuchokoa mpira, ukaenda nyuma.

"Njoo," Lindsay akaita.

Alf akatoka mbio. Alipofika katikati, Lindsay akamwona Mwingereza mmoja mwenye mikono mirefu kama ngazi ameshauokota.

"Rudi, rudi!"

Alf akageuka, akateleza, na vijiti vyake vikaangushwa kwa mpira, akatolewa naye bado yuko magotini, kama anayeomba msamaha kwa kosa la mtu mwingine.

Wakati wa chai kapteni aliingia chumbani, akauliza, "Nani aliita pale?"

Lindsay alikuwa na kipande cha keki mdomoni. Keki yenyewe ilikuwa kavu, ya kukwama kooni. Ndivyo alivyojiambia baadaye, miaka nenda miaka rudi. Akatafuna. Kapteni akangoja. Lindsay akaendelea kutafuna.

"Sikuitwa, kapteni," Alf akasema. "Nilitoka mwenyewe."

Ndipo keki ikashuka. Kabla ya jua kuzama Lindsay alikuwa na mbio mia na arobaini, na magazeti yakambeba. Alf alirudi Warrigundi kwa treni ya Jumatatu, wala hakuitwa tena na timu ya taifa.

Miaka kumi na miwili ikapita, na neno lile halijawahi kutajwa kati yao. Lindsay alipostaafu alirudi nyumbani kuichezea timu ya mji, na hapo akaanza kuona jambo la ajabu. Akiita, hakuna anayekimbia. Kila mwenzake lazima kwanza ageuze shingo atazame mpira uko wapi, kama mtu anayevuka reli. Lindsay alilaumu joto. Akalaumu vijana wa siku hizi. Mwishowe akalaumu nta ya masikioni mwao.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Alf. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na Jumanne yeye na mkewe Noreen walikuwa wanahamia Queensland kwa binti yao. Lindsay alikuwa ameapa kusema kabla ya chai. Kabla ya chai alipata nafasi mbili. Ya kwanza alizungumzia mvua. Ya pili alizungumzia ukosefu wa mvua.

Mezani, chini ya paa la bati, alimgeukia Keith, mtoto wa mwoka mikate, ambaye alikuwa amepiga pamoja naye mchana ule mpaka akatolewa.

"Wewe, mbona nikikuita hukimbii?"

"Mzee Lin, mimi nimelelewa," Keith akasema. "Mama alinifundisha mambo mawili. Usioge bwawani kukiwa na nyoka, na Tregear akikuita, tazama kwanza."

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka aliyekaa mbele yao, kicheko kikakatika kama uzi.

Noreen akaweka birika chini. "Redio, shemeji," alisema. "Ulidhani huku kwetu hatuna redio? Tulijazana dukani mji mzima. Mtangazaji alisema yote. Tregear ameita. Tregear amemrudisha."

"Mmejua muda wote huu?"

"Alf alitukataza tusikuulize. Alisema, mwacheni Lin, atasema mwenyewe." Akapangusa meza ambayo haikuwa chafu. "Mimi nilikungoja mpaka Pasaka ya mwaka ule, nikachoka. Mimi si mwema kama Alf."

Lindsay akainuka. Chai yake ilibaki na nzi wawili wakiogelea.

Alimkuta Alf nje, anafunga kinga za miguu, huku goti likilia kama bawaba. Watu wa mji jirani walikuwa wamewapiku siku nzima; Warrigundi ilibakiwa na jozi moja tu ya wapigaji, wao wawili, na mbio mbili za kusawazisha. Wakaingia uwanjani pamoja.

"Alf, ile siku..."

"Tunataka mbio mbili, Lin. Kuungama ni kesho, kwa padri."

Akaenda kusimama kwenye vijiti vyake. Mrushaji akaja, vumbi likatimka juu ya mkeka uliotandikwa katikati ya uwanja. Alf akauchokoa mpira, na mpira, kama uliotumwa, ukaenda nyuma yake.

Mwito ulikuwa wa Lindsay.

"Njoo!"

Alf hakugeuza shingo. Alikuja moja kwa moja, macho kwa Lindsay, magoti yakimsaliti kila hatua. Walipishana katikati. Lindsay akamwona mchezaji wao mmoja, tarishi wa mji jirani, ameinama, ameuokota mpira, ameinua mkono. Mdomo wa Lindsay ulitaka kusema rudi. Akaufunga, akakimbia.

Vijiti vikaanguka. Alf alikuwa amebakiza urefu wa mkono mmoja. Mechi imekwisha.

Kawaida mtu akitolewa hivyo, walio kivulini huanza kunong'ona ni kosa la nani. Lindsay hakuwapa nafasi. Alitembea mpaka kwenye kamba ya uwanja, akasimama mbele ya ubao wenye jina lake, mbele ya wanawake wenye vikombe na wapinzani wenye kiu ya bia.

"Niliita mimi," alisema. "Leo, na ile siku pia. Alf hakutoka mwenyewe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtunza hesabu za mchezo alitazama penseli yake. Keith akapata kazi ya ghafla ya kufunga kamba za kiatu.

Alf alikuja akichechemea, akaketi kwenye nyasi.

"Wa leo ulikuwa mwito mzuri," alisema. "Tumeangushwa na magoti."

"Na ule mwingine?"

Noreen alikuwa amefika na sinia. Alf akachagua kipande cha keki ya chokoleti, akakila taratibu, akameza.

"Ile keki, Lin," akasema. "Mimi pia niliila. Ilikuwa laini."

Noreen akamsogezea Lindsay sinia. Akachukua kipande, kwa sababu kukataa kungekuwa kisingizio kingine tena. Akabaki nacho mkononi, chokoleti ikiyeyuka katikati ya vidole, mpaka watu wakaanza kukunja viti.