Ndege ya Propela Mbili

Mbula alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kazi yake Sydney ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipanda treni mbili kutoka Blacktown hadi Villawood, nyumbani kwa Mzee Douglas, akamwogesha, akampikia uji, akamtolea vidonge vyake na kumfulia. Saa ya mwisho, kwa mujibu wa karatasi za shirika lililomwajiri, ilikuwa ya kumchangamsha mteja. Mzee Douglas hakuchangamka kwa televisheni wala kwa karata. Kilichomchangamsha kilikuwa kwenye banda nyuma ya nyumba.

Siku ya kwanza alipomwongoza Mbula humo, akiburura miguu huku mikono ikimtetemeka, Mbula alisimama mlangoni. Ndege ya mbao ilijaza banda zima. Ilikuwa robo ya ukubwa wa ndege halisi, lakini robo hiyo yenyewe ilikuwa na urefu wa watu wawili waliolala mmoja mbele ya mwenziwe.

"Miaka kumi na mmoja," alisema mzee. "Tangu mke wangu afariki."

Alikuwa fundi wa ndege maisha yake yote pale uwanja wa Bankstown, lakini ndege aliyoipenda hakuwahi kuigusa. Wajerumani waliitengeneza vita vikuu vya pili vilipokuwa vinakaribia ukingoni. Injini zilikuwa mbili ndani ya kiwiliwili kimoja, propela moja puani ikivuta, nyingine mkiani ikisukuma. Ndege hizo zilikuwa na mbio ajabu, lakini zilichelewa. Zilitoka chache, vita vikaisha, karibu zote zikavunjwavunjwa. Duniani imebaki moja.

"Na rubani akitaka kuruka nje?" Mbula aliuliza. "Ile ya nyuma si itamkata?"

Mzee alimtazama kwa furaha. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali. "Kwanza anailipua ya nyuma ikatike, iende zake. Ndipo anatoka."

Ukutani alikuwa amebandika picha za ndege nyingine zilizochelewa kama hiyo. Moja ya Wajapani ilikuwa na propela nyuma na vibawa vidogo puani, nayo iliruka kwa mara ya kwanza siku chache tu kabla ya vita kwisha. Moja ya Waaustralia wenyewe ilitengenezwa peke yake, haikupata ndugu, mwisho ikawa chuma chakavu. Mzee alizitaja kama mtu anayetaja jamaa waliokufa wadogo.

Yake ilikosa propela tu, kila moja ya mapanga matatu. Mbao zilikuwa pale, zimegundishwa tayari, lakini mikono ilikuwa imemsaliti. Patasi ilimruka, akajikata mara mbili.

"Baba yangu ni mchongaji," Mbula alisema. "Kule kwetu Wamunyu."

"Basi unajua kuchonga."

"Najua kupiga msasa. Wanawake ndio tunaopiga msasa. Kuchonga kwa tezo ni kwa wanaume."

"Hapa hakuna mwanamume mwingine," alisema Mzee Douglas. "Na mimi, unaniona."

Mbula akaichukua patasi.

Hakujua kwamba anajua. Tangu utotoni alikuwa amekaa miguuni pa baba yake na kipande cha msasa, akilainisha twiga na vifaru, na viganja vyake vilikuwa vimekariri kila mahali ambapo baba aligeuza mkono. Panga la kwanza la propela lilimchukua wiki tatu. Mzee Douglas alikaa kwenye kiti pembeni, akipima kwa kipande cha bati alichokata kwa umbo la panga, akisema, "Bado. Bado. Hapo hapo. Acha."

Mbula alipiga picha akamtumia baba yake kwa WhatsApp. Jibu lilikuja kwa sauti, baba akikohoa kidogo.

"Huo ukingo ni mnene. Upunguze. Lakini mgongo umeukalisha vizuri. Nani amekufundisha?"

"Wewe, Baba."

"Mimi sikukufundisha."

"Nilikuwa nakutazama."

Jibu lilikawia. Lilipofika lilikuwa fupi. "Ningejua, ningekupa tezo."

Mbula aliisikiliza sauti hiyo kwenye treni, stesheni hadi stesheni, kichwa amekiegemeza kiooni.

Tangu siku hiyo kila panga lilikwenda Wamunyu kwanza kwa picha likakaguliwe. La pili baba alilisifu. La tatu alisema limepinda. La nne alijibu kwa maneno mawili. La tano lilijibiwa na Kioko, kaka yake Mbula: "Baba amelala. Ataiona kesho." Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na keshokutwa.

"Kioko, Baba ni mgonjwa?"

"Ni mafua tu, dada. Kuna baridi huku."

Jumatano moja asubuhi simu ilimkuta jikoni kwa Mzee Douglas, sufuria ya uji mkononi. Kioko alilia kabla hajasema. Baba alikuwa amefariki. Hakuwa na mafua. Alikuwa na saratani ya tumbo, na walikuwa wamejua kwa miezi minne.

"Minne!" Mbula alisema. "Minne, Kioko! Na mimi namtumia picha za mbao!"

"Hatukutaka uhangaike. Tulijua huwezi kuja. Ungekaa huko ukiumia bure."

Kwamba hawezi kwenda ilikuwa kweli. Viza yake ilikuwa ya kusubiria rufaa. Angetoka Australia, mlango ungefungwa nyuma yake, na karo ya wanawe wawili kule chuoni ilitoka kwenye mikono hii hii. Lakini aliketi sakafuni akakumbuka jinsi alivyomtania baba juma lile la panga la nne, akimwambia amekuwa mvivu wa kuongea.

Mazishi yalikuwa Ijumaa, saa sita mchana kwa saa za Wamunyu. Villawood ilikuwa jioni. Saa zake za kazi zilikwisha, lakini Mzee Douglas hakumwacha aondoke.

"Usiyatazame kwenye treni," alisema. "Si mahali pake."

Waliegemeza simu kwenye bawa la ndege. Picha ilikatika, ikarudi, ikaganda kwenye mwavuli wa mtu, ikarudi. Jeneza liliposhushwa Mbula aliona mgongo wa Kioko tu. Aliita, "Baba!" na watu wa kule hawakusikia, kwa maana sauti upande wake ilikuwa imezimwa. Mzee Douglas alivua kofia yake. Alikaa hivyo, kofia magotini, mpaka simu ikazimika yenyewe.

Panga la sita Mbula alilichonga bila kumtumia mtu picha.

Mwezi Mei walizifunga propela zote mbili. Mzee aliwasha mota ndogo za umeme alizotia badala ya injini. Ya mbele ilianza, ya nyuma ikafuata, upepo ukarusha vumbi la mbao na makaratasi banda zima, na yeye akacheka hadi akakohoa. Dakika mbili, kisha akazima asije akaunguza mota. Kila bawa lilishikwa na boliti mbili, akamwonyesha Mbula. Zikifunguliwa zote nne, ndege inapita mlangoni bila kukwaruzwa. Siku moja, alisema, wataitoa nje juani.

Wiki hiyo hiyo alianguka bafuni, siku ambayo haikuwa ya Mbula. Alivunjika nyonga. Akalazwa hospitali ya Liverpool, hapo hapo Sydney, na kutoka huko akapelekwa moja kwa moja kwenye makao ya wazee. Binti yake, Nella, aliyeishi mbali kaskazini, alikuja kuiuza nyumba. Hakuwa mtu mbaya. Aliandikia makumbusho mawili kuhusu ile ndege; moja likasema halina nafasi, jingine halikujibu. Mnunuzi alitaka nyumba tupu ifikapo Ijumaa. Nella akawaambia watu wa kuhamisha taka wasafishe banda.

Mbula alifika Alhamisi kuchukua ndala na aproni yake. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Walikuwa wameikata kwa msumeno, mabawa kwanza, kisha kiwiliwili mara tatu. Hakuna aliyeuliza habari za boliti. Lori lilikuwa limekwenda na mzigo wa pili, na sakafuni palibaki unga wa mbao na rangi.

Nella alimfuata, uso umemshuka. "Sikujua watafanya hivi. Nilidhani wataibeba." Alifuta macho. "Tafadhali, ukienda kumwona, mwambie imekwenda makumbusho. Daktari anasema moyo wake ni dhaifu. Kwa nini aumie?"

Mbula alichukua ndala na aproni yake akaondoka bila kuahidi.

Jumapili alitoka kanisani akaenda. Mzee Douglas alikuwa amekonda, lakini akili ilikuwa yake. Alimshika kidole.

"Nella anasema iko makumbusho. Hataki kuniambia ni makumbusho gani. Mbula, iko wapi?"

Mbula alitazama mlango. Akilini aliyaona macho ya baba yake, ambayo hakuyaona miezi ile minne, watu wakiingia na kutoka na maneno matamu, na yeye mbali akituma picha.

"Haipo, Mzee," alisema. "Wameikata. Nimeona mwenyewe."

Mzee alifumba macho. Machozi yalishuka kwenye mashavu hadi masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali, na Mbula aliyafuta kwa ncha ya leso.

"Walifungua boliti?"

"Hapana."

"Wajinga," alisema kwa upole, kama anayewahurumia. Kisha akasema, "Ziliwaka, lakini. Zote mbili. Ulizisikia."

"Nilizisikia."

Nella alikuwa amesimama mlangoni na maua. Alimvuta Mbula hadi koridoni. "Nilikuomba kitu kimoja tu!"

"Ndiyo, mama," alisema Mbula. "Baba yangu alikufa mwaka huu, na kila mtu alijua isipokuwa mimi. Walinificha kwa huruma. Ningejua, ningempigia kila siku. Ningemwambia mengi." Alimpisha mlangoni. "Ingia. Anajua sasa. Hakuna cha kuficha tena."

Nella alimtazama kwa hasira, akaingia, akafunga mlango. Mbula alikaa kituo cha basi, hajui kama ametenda wema au ukatili, na mpaka basi linafika hakujua.

Mzee Douglas alifariki mwezi Agosti, Jumanne. Saa tatu asubuhi simu ya Mbula iliita akiwa kwa mteja mwingine.

"Ni Nella. Baba amekwenda, saa moja iliyopita. Tulikuwa tumeongea sana wiki hizi. Nimeona nikupigie wewe kwanza."

Mbula aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha mteja. Alilia kwa sauti, na kilio kile kilikuwa cha kuwalilia watu wawili, Mzee na baba yake. Alipoweza kusema tena aliuliza mazishi ni lini, wapi, akasema kwamba atakuja mwenyewe, kwa miguu yake.